Barazani kwa Mwalimu: Wazee bado wanautazama ule ukuta

Maswali ya ukurasa huu yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya. Aliingia darasani mwaka 1985 na kutoka ofisi ya elimu mwishoni mwa 2024.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, nimehamishiwa visiwani kutoka bara mwaka huu. Nimekuta mambo matatu yananingoja kwa pamoja. Wazazi hawaelewi watoto wao wamepangiwaje shule za Gredi ya 10. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, iko ndani ya shule za msingi, lakini walimu wa pande mbili hawasemezani. Na kuna kijiji ambacho gredi hizo zina watoto wachache mno. Hao nataka kuwaunganisha na shule ya ng'ambo ya mkono wa bahari, iliyo na maabara.

Niliandika mpango wa kurasa 40. Nikawaita walimu wakuu wote, nikausoma kuanzia saa tatu hadi saa saba. Kila mmoja alisema, "Sawa, Mkurugenzi." Hii ni wiki ya sita, hakuna lililofanyika na hakuna aliyenipinga. Wazazi nikiwauliza wanajibu, "Inshallah." Nimeongoza bara miaka minane sijaona jambo kama hili. Watu hawa hawataki mabadiliko? Nianzie wapi?
*Mgeni wa Visiwani*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na karibu kwetu.

Tuanze na hiyo "sawa". Huku mtu mzima hakwambii "sitaki" mbele ya watu, sembuse wewe mgeni uliyeteremka botini suruali imelowa hadi magotini. "Sawa" ya saa saba mchana, mtu ana njaa na adhuhuri imempita, tafsiri yake ni "tuachilie twende". Na nikuulize: siku ya mkutano ule uliipata kwenye kalenda, lakini uliutazama mwezi? Mikono yetu ya bahari ikipwa, boti hulala matopeni. Huenda nusu ya wale waliokuwa wakitikisa kichwa walikuwa wanapiga hesabu ya kupwelewa, wala hawakusikia ukurasa wa 12 unasema nini.

Sasa hilo la kutotaka mabadiliko. Mwanangu, watu hawa wamebadilishwa kuliko wewe. 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo, na nchi nzima idadi ya watoto ikaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, nasi tukafundishia chini ya mikwaju. 2019 mtaala wa umilisi, 2023 sekondari msingi, na sasa sekondari pevu, ile ya kuanzia Gredi ya 10. Wenzetu Waboni wa upande wa Basuba ndio usiseme, shule zao zilifungwa kwa miaka kwa ajili ya usalama. Hakuna kijiji kisichojua mabadiliko ni nini. Wanayajua mno, na ndiyo maana wamenyamaza.

Nikupe kisa cha ukuta. Mwaka 1985 nilipangiwa shule moja ya kisiwa cha Pate, msichana wa miaka 21, sanduku la bati mkononi. Ule ndio mwaka wa kwanza wa darasa la nane. Wazazi kote nchini waliambiwa wajenge karakana za masomo ya mikono: useremala, ushonaji, upishi. Pale kijijini tuliambiwa nyinyi jengeni, vifaa vitakuja. Wakajenga. Walivunja mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa yao wenyewe, wakatoa boriti za mikoko walizokuwa wameziweka kwa nyumba zao. Wanawake walibeba mchanga na maji kwa vichwa. Mimi nami nilibeba. Kuta zilisimama kwa miezi mitano.

Vifaa havikuja, hata nyundo moja. Nilifundisha useremala kwa kuchora msumeno ubaoni. Watoto waliunakili vizuri sana ule msumeno, wakauandikia sehemu zake zote, na mtihani wakapita. Baadaye paa liliporomoka na mbuzi wakahamia. Ukuta mmoja ungali umesimama hadi leo, na baadhi ya waliobeba mchanga ule wangali hai. Huketi barazani mkabala nao wakingoja adhana ya alasiri.

Basi wewe unapofika pale na kutamka "maabara", wazee wanautazama ule ukuta.

Kila shule unayoisimamia ina ukuta wake. Kwa hiyo usianzie kwenye mpango. Anzia kwenye deni. Nenda shule moja moja, keti na mtu mzima kuliko wote, muulize: "Mara ya mwisho shule hii ilipobadilishwa, mliahidiwa nini ambacho hamkukipata?" Kisha nyamaza uandike. Usijitetee. Usiseme "mimi sikuwepo". Wanajua hukuwepo, ila kiti unachokikalia kilikuwepo.

Utaona ajabu: madeni mengi ni madogo. Mwaka 2019, tulipoanza mtaala mpya kwa chekechea na Gredi ya 1 hadi ya 3, kijiji kimoja kilikuwa kizito mno. Mikutano mitatu, "sawa" tatu. Nilipokwenda kuuliza swali hilo, mzee mmoja akanijibu neno moja: kengele. Miaka kumi na tano kabla, afisa fulani aliichukua kengele yao ya shaba ikatengenezwe, haikurudi. Kengele! Nilinunua rimu kuukuu ya gurudumu la lori Mokowe, kwenye gati ya bara, nikaipandisha botini watu wakinicheka, tukaitundika kwenye mkwaju. Haikuwa shaba, na yule mzee hakuacha kunikumbusha. Lakini wiki iliyofuata wazazi walileta mikeka na vifuu kwa ajili ya darasa la watoto wadogo, na mimi sikuwa nimeomba mara ya nne.

Madeni mengine hutayaweza kuyalipa. Hayo yaseme wazi: "Hili siliwezi." Watu wa huku husamehe mtu asiyekuwa nacho. Anayewaudhi ni yule wa "tutalishughulikia".

Sasa kuhusu hicho kijiji unachotaka kukivusha ng'ambo. Hapa niruhusu nikae kidogo, maana kosa hilo nimelitenda mimi.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Kamati ya mageuzi ya elimu ya Profesa Raphael Munavu ilipendekeza Gredi ya 7 iwekwe kwenye shule za msingi, Desemba 2022 ikatangazwa, na Januari haijaisha watoto wamo darasani. Ofisini tulikuwa na wiki chache za kuamua nani akae wapi. Nikafungua ramani. Kati ya kijiji na shule ya ng'ambo maji hayakufika nusu ya kidole changu. Watoto 31, mashua moja, nahodha mmoja. Nikatia saini.

Kaskazi ikivuma taratibu, mambo yalikwenda. Ila shule hufunguliwa saa ile ile kila siku, na maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Wiki hii alfajiri mkono umejaa, wiki ijayo ni matope ya kuzama goti. Jioni moja mashua ilipwelewa na watoto ndani, tangu saa kumi mpaka baada ya isha. Hakuna aliyeumia. Mama zao walisimama ufukoni na mwanga wa simu, wakiwaita kwa majina mmoja mmoja wasilale wakaanguka majini. Kisha pepo za kusi zikakaza. Muhula wa pili nilipokifungua kitabu cha mahudhurio, wavulana walikuwa wanakuja. Wasichana walikuwa 14. Nilikuta alama za watatu.

Unajua nilifanya nini? Nilimwandikia chifu barua kali, nikaitaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na wajibu wa mzazi. Nakala yake ninayo bado. Huitoa nikijiona nimekuwa mwerevu.

Aliyenifumbua macho ni nahodha. Siku moja nimepanda naye, akaniuliza bila hata kunitazama: "Bi Mwalimu, mbona wavusha watoto thelathini na mmoja? Walimu ni wangapi?" Nikamwambia watatu. "Basi nipe hao watatu niwavushe."

Nilikuwa na shahada, kozi mbili za uongozi na miaka 38 kazini, na hilo halikuwa limenipitia akilini. Muhula wa tatu walimu walivuka wao, Jumatatu wanakwenda na maji, Alhamisi wanarudi na maji. Kijiji kikatoa chumba na vitanda. Watoto wakawa wanakwenda maabara mara mbili kwa mwezi, siku anayoichagua nahodha. Wasichana tisa walirudi. Wawili walikuwa wameshaolewa. Wale wawili wameandikwa kwa saini yangu.

Kwa hiyo huo muungano usiufanye bado. Subiri Julai, upande mashua hiyo mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, ukae mbele wanapokaa watoto. Ukifika ng'ambo ndipo uamue.

Na hapo utakutana na jambo ambalo bara labda hulihisi kidogo: mkurugenzi wa elimu hana ufunguo hata mmoja. Mwalimu ni wa TSC, ile tume inayoajiri walimu, si wako. Wale watatu wangu hawakuvuka mpaka mwenzangu wa TSC alipokubali kwa maandishi. Chekechea ni za kaunti tangu Katiba ya 2010. Madarasa mengi hujengwa na hazina ya maeneobunge. Mgao wa serikali, shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka na 15,042 kwa wa sekondari msingi, huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, nao ukichelewa lawama ni zako. Wewe una kiti, muhuri na nauli ya boti, na nauli yenyewe haitoshi. Ukiongoza kana kwamba una funguo, utapata "sawa" mpaka ustaafu. Mimi kila Jumatatu nilikunywa chai na wa TSC na wa kaunti, mahamri natoa mimi. Mambo mengi yalimalizika hapo kabla hayajawa barua.

Mwalimu wa chuo, namaanisha chuo cha Kurani, naye usimsahau. Kanuni zinasema masomo ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na michezo hadi saa kumi na dakika 45. Lakini mtoto wa huku baada ya alasiri yuko chuoni na juzuu yake. Ukipanga mpira na vilabu bila kumwona mwalimu wa chuo kwanza, utacheza mpira na walimu wako. Mwendee kabla hujamwendea mwenyekiti wa bodi. Mara nyingi atakupa siku mbili kwa wiki bila taabu, kinachomuudhi ni kusikia habari kwa mtoto.

La Gredi ya 10 ni jepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu hapo watu hawana kinyongo, hawajaelezwa tu. Andika karatasi moja ya Kiswahili. Mtihani wa Gredi ya 9 una asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 asilimia 20, kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Basi. Ibandike gatini na dukani, si kwenye ubao wa ofisi yako ambao husomwa na karani.

Kuhusu walimu wasiosemezana, mmoja wao ameniandikia pia, soma hapo chini.

Na zile kurasa 40, zitie mtotoni mwa meza. Mwaka huu geuza jambo moja peke yake, lolote litakalokuwa limetoka kwenye lile swali la deni. Wakubwa wako watataka ripoti ya mambo kumi. Waandikie ripoti ya mambo kumi, wamezoea.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwalimu mkuu, cheti changu ni P1, kile cha ualimu wa shule za msingi, na miaka 27 kazini. Tangu 2023 nimeletewa vijana wa sekondari msingi, wote wana digrii. Hawasaini kitabu changu cha mahudhurio hadi nifoke. Wamejitengea chumba, wana birika lao la umeme na kengele yao. Mmoja aliniambia mbele ya wazazi kwamba mimi siwezi kumkagua somo ambalo sikulisoma. Nifanyeje niheshimiwe?
*Mkuu Aliyechoka*

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kijana yule alikosa adabu, hilo tulimalize.

Ila alilosema lina ukweli. Fizikia huijui, nami siijui. Usimkague fizikia. Mkague kama ameingia darasani, kama watoto wameandika, kama amesahihisha. Hayo unayajua kuliko yeye, na miaka 27 ndiyo digrii yako ya hayo. Somo lenyewe mwachie naibu wa sekondari msingi, tena mbele ya wote, asikie kila mtu kwamba umempa wewe.

Kumbuka na walivyoanza wenzako hao. Wengi waliajiriwa kama wanagenzi kwa mkataba, mshahara mdogo, wakatupwa kisiwani bila nyumba. Mwaka 2024 waligoma nchi nzima ndipo wakasikizwa. Mtu aliyeingia kazini kwa mlango huo huja amekunja uso.

Halafu nikuulize swali ambalo hukuniandikia: ule mgao wa sekondari msingi unautumiaje? Kwa hesabu ya vichwa, mtoto wao mmoja huleta zaidi ya mara kumi ya mtoto wako. Nimeona shule zikipaka rangi ofisi ya mwalimu mkuu kwa pesa za maabara. Sisemi wewe. Lakini chumba cha maabara kina funguo ngapi, na ziko kwa nani? Kama zote ziko mfukoni mwako, hapo ndipo ugomvi unapokaa, wala si kwenye kitabu cha mahudhurio.

Toa ufunguo mmoja. Kisha uondoe birika moja. Nina maana hiyo hiyo: birika moja, chumba kimoja, chai saa nne kwa pamoja, na sukari kila mtu achange sawa. Nilikuwa na shule mbili zilizofanana kwa kila kitu, moja ina birika moja na ya pili ina mabirika mawili. Nilijua ya mabirika mawili kabla sijavuka geti. Kengele ya pili iuze.

SWALI: Bi Mwalimu, mwanangu yuko Gredi ya 2, sisi ni watu wa Siyu. Ameletewa ripoti, na kwenye somo la Kiswahili imeandikwa: "Kukaribia matarajio." Babu yake amekasirika hataki hata kula. Anasema Waswahili ni sisi, hicho Kiswahili tunachokikaribia kinatoka wapi? Je, mtoto amefeli?
*Mama Mwenye Mashaka*

JIBU: Mpe babu salamu zangu na umwambie ale.

Hajafeli. Kuna ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na ile ya chini kabisa. Kukaribia ni kwamba yuko njiani, aongezewe mazoezi. Haitumiki kumpangia mtoto namba darasani.

Lakini leta kazi zake tuone, maana nina shaka na mtu mwingine. Mtoto wa huku husema *mato*, mwalimu anataka "macho". Husema *kitwa*, anakatwa alama kwa kutosema "kichwa". Nimewahi kuona daftari la mtoto aliyeandika "*ndoo* hapa", yaani njoo hapa, na mwalimu mgeni kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ndoo iko wapi?" Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamwita. Mashairi ya kale ambayo wasomi huyafungulia kamusi yametungwa kwa lugha hiyo hiyo ya *mato* na *kitwa*. Na mtaala wenyewe unataka mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya mahali pake.

Kiswahili sanifu lazima ajifunze, atakihitaji. Mwalimu naye ana lake la kujifunza. Usiende shuleni kugomba. Mwalike yeye nyumbani Ijumaa, mumpikie wali wa nazi na samaki wa kupaka, babu akae naye amtajie majina ya samaki wote waliomo baharini kwa lugha ya kwenu. Mwambie aje na daftari na kalamu nyekundu.